Vigae na meno vinavyotoa ushahidi wa utumwa katika visiwa vya miwa

KUNA dhana iliyozoeleka miongoni mwa wasomaji wengi wa historia kwamba mashamba makubwa ya miwa yaliyoendeshwa kwa jasho la watumwa yalibuniwa ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, nchini Brazil na katika visiwa vya Karibi. Picha tuliyo nayo akilini ni ya meli zilizosheheni watu zikiondoka Afrika, na mateso ya shambani kuanzia kule zilikotia nanga.

Dhana hii ina kasoro. Kabla Mwafrika wa kwanza hajatiwa kiwandani huko Barbados au Jamaika, mfumo mzima wa shamba, kinu, mjeledi na soko la mbali ulikuwa umekwisha kukomaa katika kisiwa cha Afrika yenyewe. Kisiwa hicho ni São Tomé, kilichoko katika Ghuba ya Guinea, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Katika makala hii, ninanuia kuonyesha jinsi akiolojia, yaani taaluma ya kuchunguza mabaki ya kale, inavyotusaidia kuisoma historia hiyo upya. Aidha, nitadai kwamba baadhi ya maneno ya Kiswahili tunayoyatumia kila siku ni mabaki ya kale vilevile, na yanastahili kuchimbuliwa kwa uangalifu uleule.

Tuanze na sukari yenyewe. Neno hili tulilipokea kutoka kwa Kiarabu, nao Waarabu waliliokota kwa Waajemi, ambao walilipata kutoka Bara Hindi, kwenye lugha ya Sanskriti. Safari ya neno ndiyo safari ya zao. Muwa ulianza kukuzwa huko New Guinea, ukasambaa hadi India, Uajemi na nchi za Kiarabu, kisha visiwa vya Mediterania kama vile Cyprus na Sicily. Katika karne ya 15, Wareno waliupanda katika kisiwa cha Madeira na Wahispania wakaupanda katika visiwa vya Canary. Huko tayari watumwa walihusishwa katika kazi hiyo, ingawa walichanganyika na vibarua na wakulima wadogo.

Muwa una tabia moja ambayo lazima tuielewe ili tuuelewe utumwa wake. Ukishakatwa, hauna subira. Usipokamuliwa upesi, katika muda wa siku moja au mbili hivi, utamu wake huanza kuharibika. Mahindi unaweza kuyaweka ghalani ukayasaga mwezi ujao, lakini muwa hauwekeki. Kwa hivyo kinu lazima kijengwe papo hapo shambani, majiko ya kuchemshia maji yake yawe kando, na msimu wa mavuno ukifika, kazi iende usiku na mchana. Shamba la miwa lilikuwa kiwanda miaka mingi kabla Uingereza haijawa na viwanda vya nguo. Si ajabu kwamba Wareno walitumia neno moja, engenho, kwa maana ya kinu na pia kwa maana ya shamba zima pamoja na watu waliomo.

Wareno walipofika São Tomé mnamo 1470 hivi, kisiwa hakikuwa na wakazi. Makazi ya kudumu yaliimarika kuanzia 1493 chini ya Álvaro de Caminha. Miongoni mwa waliopelekwa huko kwa nguvu ni watoto wa Kiyahudi walionyang'anywa wazazi wao nchini Ureno, pamoja na wahalifu waliofukuzwa kwao. Hata hivyo, wengi zaidi walikuwa Waafrika waliotekwa kutoka Benin, Kongo na baadaye Angola. Biashara hii ilivuruga falme za bara kiasi kwamba mnamo 1526 Mfalme Afonso wa Kongo alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kuwa raia wake, wakiwemo watoto wa jamaa zake, walikuwa wakitekwa na kuuzwa.

Kisiwa kilikuwa na kila kitu ambacho mwenye kinu angekitamani. Mvua ilikuwa tele, udongo wa volkano ulikuwa na rutuba, mito ilitiririka kwa kasi ya kutosha kuzungusha vinu, na msitu ulitoa kuni za majiko. Kufikia katikati ya karne ya 16, sukari ya São Tomé ilikuwa ikiuzwa hadi Antwerp. Baharia mmoja Mreno ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika wakati huo kwamba watumwa wa kisiwani hawakupewa chakula wala mavazi na mabwana zao. Walifanya kazi ya bwana wiki nzima, wakaachiwa siku moja tu, Jumamosi, walime chakula chao wenyewe. Hebu fikiria, msomaji, mtu anayekamua sukari ya kulisha Ulaya ilhali tumbo lake mwenyewe limetengewa siku moja ya jasho.

Maelezo kama hayo yameandikwa na watu wa nje. Je, upande wa pili wa kisa tunaupata wapi? Hapa ndipo mwanaakiolojia anapoingia na koleo lake.

Mnamo 2023, M. Dores Cruz pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la Antiquity matokeo ya uchunguzi wao kuhusu kiwanda cha kale cha sukari mahali paitwapo Praia Melão, karibu na jiji kuu la São Tomé. Magofu yake ni ya jengo la mawe la ghorofa mbili ambalo limemezwa na mimea. Chini, wachunguzi walibaini sehemu iliyotumika kuchemshia maji ya miwa. Juu yalikuwa makazi. Kwa maneno mengine, watu walilala na kula juu ya vichwa vya watumwa waliokuwa wakikoroga masufuria ya sukari inayotokota. Hakuna hati inayoweza kutueleza kuhusu mahusiano ya bwana na mtumwa kwa uwazi kama mpangilio huo wa sakafu mbili.

Kitu kingine kilichopatikana kwa wingi ni vigae. Hivi ni vipande vya vyungu vya umbo la pia, vyenye tundu kwenye ncha. Sukari iliyochemshwa ilimiminwa humo ikaachwa iwe ngumu, nayo molasi ikachuruzika polepole kupitia tundu hilo. Vyungu vya aina hii vilifinyangwa Ureno na kusafirishwa kwa meli. Kigae kimoja ukikishika mkononi ni takataka tu. Ukiviweka pamoja vigae mamia kwa mamia katika jengo moja, unapata ushahidi kwamba hapa palikuwa na uzalishaji wa kiwango kikubwa, uliounganishwa na viwanda vya ufinyanzi vya Ulaya upande mmoja na soko la sukari upande mwingine. Anayesema utandawazi ulianza na intaneti aende akavitazame.

Hata hivyo, sukari ya São Tomé ilikuwa na dosari. Hewa ya kisiwa ni yenye unyevu mwingi, hivyo sukari haikukauka vizuri na bei yake sokoni ikawa ya chini. Ushindani wa Brazil ulipoongezeka mwishoni mwa karne ya 16, wamiliki wengi walifunga virago wakavuka bahari, nao ujuzi wao wakaubeba. Waholanzi nao walikishambulia kisiwa mnamo 1599 na tena mnamo 1641.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo haifai kupuuzwa, nayo ni watumwa wenyewe. Mnamo Julai 1595, mtumwa aliyeitwa Amador aliongoza maasi makubwa, akajitangaza mfalme, na wafuasi wake wakachoma viwanda vingi vya sukari. Alikamatwa na kuuawa mnamo Januari 1596. Leo hii tarehe 4 Januari ni siku ya mapumziko nchini São Tomé na Príncipe kwa heshima yake, na sura yake imewahi kuchapishwa kwenye noti za nchi hiyo.

Wengine hawakusubiri maasi. Walitorokea milimani na kuanzisha makazi yao. Jamii iitwayo Angolares, inayoishi kusini mwa kisiwa, inasimuliwa kimapokeo kuwa ni wazao wa watu walionusurika meli ya watumwa ilipozama. Baadhi ya wanahistoria wanashikilia kwamba hao ni wazao wa watoro. Lugha yao ni Krioli yenye msingi wa Kireno, ila imejaa maneno ya Kimbundu cha Angola, ambacho ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Krioli nyingine ya kisiwani huitwa Forro. Jina hili linatokana na neno la Kireno la kumtaja mtumwa aliyeachiwa huru, na Wareno walilitoa katika Kiarabu. Ni mzizi uleule uliotupa sisi 'huru' na 'uhuru'. Basi tunapoimba uhuru wetu hapa Kenya, tunatamka neno ambalo lina ndugu yake katika kisiwa cha miwa upande wa pili wa bara.

Mfumo uliokomaa São Tomé ulisambaa. Ulitua Brazil, kisha Waingereza waliokuwa wameingia Barbados mnamo 1627 wakaugeukia kwa pupa katika miaka ya 1640. Kisiwa hicho kidogo kilifyekwa msitu na kujazwa miwa. Hapa akiolojia ina ushahidi wa aina nyingine, wenye uchungu zaidi.

Mapema katika miaka ya 1970, Jerome Handler na Frederick Lange walichimbua makaburi ya watumwa katika shamba la Newton, kusini mwa Barbados. Hapakuwa na mawe yenye majina, hapakuwa na msalaba. Walipata mabaki ya watu 104, waliozikwa kati ya karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 19. Meno ya wengi yalikuwa na mistari inayotokea mtoto anapokosa lishe au anapougua sana, hasa wakati wa kuachishwa ziwa. Mifupa ilikuwa na kiasi kikubwa cha madini ya risasi. Watafiti wanaamini kwamba sumu hiyo iliingia mwilini kupitia pombe ya ramu, iliyotengenezwa kutokana na molasi kwa kutumia vyombo vya risasi. Yaani hata kile kidogo walichopewa cha kujiliwaza kiliwaua polepole.

Kaburi moja lilikuwa la mzee. Alizikwa na mkufu uliotungwa kwa kauri, shanga za kioo, meno ya mbwa, pingili za uti wa mgongo wa samaki na shanga moja kubwa ya akiki. Handler anamwona kama mganga aliyeheshimiwa na wenzake. Kwa bwana wake, mzee huyu huenda alikuwa mstari mmoja tu katika daftari la mali, pamoja na ng'ombe na masufuria. Kwa wale waliomzika, alikuwa mtu wa kuvishwa mkufu wake aende nao. Kauri za aina hiyo huokotwa katika Bahari ya Hindi. Basi vitu vya bahari yetu vilifika kaburini Barbados kwa njia ndefu ambayo hakuna hati iliyoiandika.

Mnamo 2009, wanasayansi walichapisha uchunguzi wa meno ya watu 25 kutoka makaburi hayo. Enameli ya jino hujengeka utotoni, na hubeba alama ya kikemikali ya udongo na miamba ya mahali mtoto alipokula na kunywa. Barbados ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, kwa hivyo aliyekulia pale ana alama yake, na aliyekulia kwenye miamba mikongwe ya Afrika ana yake. Ilibainika kwamba watu saba kati ya 25 walizaliwa Afrika. Waliosalia walizaliwa palepale kisiwani, tayari wakiwa watumwa.

Sasa tuegemee upande wa lugha. Mgawanyiko huo ambao sayansi imeugundua kwenye meno, Kiswahili kiliuhifadhi kwenye msamiati. Katika pwani yetu ya karne ya 19, mtumwa aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia. Yule aliyetoka bara karibuni, asiyejua bado lugha wala desturi za mji, aliitwa mjinga. Naam, mjinga. Neno ambalo leo tunarushiana njiani matatu inapokatiza mbele ya gari lingine, liliwahi kuwa jina la tabaka la watu walionyakuliwa kwao. Hakuwa amepungukiwa na akili. Alikuwa amepungukiwa na kwao.

Maneno mengine ya kundi hili nayo yanasema mengi. Mtumwa ni mtu anayetumwa, asiye na safari yake mwenyewe. Mtoro siku hizi ni mwanafunzi anayekwepa masomo, ila kwa wazee wa pwani watoro walikuwa watu waliowatoroka mabwana na kujenga vijiji vyao, kama vile Fuladoyo. Mahuru walikuwa wale waliokombolewa. Mwalimu anayefundisha maneno haya bila historia yake anagawa maganda ya miwa ambayo utamu wake ulishakamuliwa.

Uhusiano wa pwani yetu na visiwa vya miwa si wa maneno pekee. Mnamo 1776, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Watumwa hao walikusudiwa visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, vile tunavyoviita leo Mauritius na Réunion. Mauritius ilitwaliwa na Waingereza mnamo 1810, na baada ya ushuru wa sukari yake kulinganishwa na wa Karibi mnamo 1825, miwa ilienea kama moto wa kiangazi. Katika madaftari ya kisiwa, watu kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki waliandikwa kwa jina moja tu, 'Mozambique'. Mmakua, Myao na Mmakonde wote wakawa kitu kimoja kwa mchoro mmoja wa kalamu.

Utumwa ulipopigwa marufuku Mauritius mnamo Februari 1835, waliolipwa fidia walikuwa mabwana. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kwa wamiliki wa watumwa katika makoloni yake. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Mlima wa Le Morne, walikojificha watoro, uliorodheshwa na UNESCO mnamo 2008 kuwa urithi wa ulimwengu. Masimulizi ya kisiwa yanasema kwamba askari walipopanda kuwatangazia uhuru, watoro walidhani wamekuja kukamatwa, wakajirusha kutoka kwenye jabali. Liwe limetokea hivyo au la, simulizi hilo linatueleza jambo la kweli: kwamba mtu aliyedanganywa maisha yake yote haamini tangazo.

Kuna watakaouliza: ya nini kufukua mambo haya? Si hati zipo? Hati zipo, tena nyingi, ila ziliandikwa na aliyeshika kalamu na mjeledi kwa mkono mmoja. Zinatuambia magunia mangapi yalisafirishwa na mtumwa aliuzwa kwa bei gani. Hazitwambii aliachishwa ziwa akiwa na njaa, wala kwamba mganga alizikwa kwa heshima. Udongo nao una mipaka yake, kwa kuwa haututajii majina. Ndiyo maana msomi makini huvisoma vyote viwili, na huongeza cha tatu, yaani lugha na masimulizi ya wazao.

Barbados imeelewa hivyo. Muda mfupi tu baada ya kuwa jamhuri mnamo Novemba 2021, serikali ya Mia Mottley ilitangaza mpango wa kujenga kumbukumbu katika makaburi ya Newton. Je, sisi? Karne ya 19, mashamba ya Malindi na Mambrui yalilimwa na watumwa. Hayakuwa ya miwa. Yalitoa mtama na ufuta, lakini mkono uliolima ulikuwa mkono uleule wa kulazimishwa. Mtafiti Lydia Wilson Marshall amechimbua makazi ya watoro huko Koromio na Makoroboi, nyuma ya pwani yetu, na vigae vyake vinasubiri kusomwa na Wakenya kama tunavyovisoma vya Gede. Utumwa ulikoma kutambuliwa kisheria katika pwani ya Kenya mnamo 1907, muda ambao si mrefu kihistoria. Kuna familia zinazojua babu alikuwa nani, ila hazisemi, kwa sababu aibu ya aliyetenda ilitwikwa aliyetendewa.

Vyuo vikuu vyetu vina idara za Kiswahili na idara za historia na akiolojia. Ni mara ngapi idara hizo hukaa meza moja? Mwanaisimu ana orodha ya maneno: mjinga, mzalia, mtoro, mahuru. Mwanaakiolojia ana vigae na mifupa. Wazee wa pwani wana masimulizi, nao wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Kazi ya kwanza na iwe ndogo tu. Kamusi zetu ziyape maneno haya maana zake za kale karibu na zile za leo, ili mtoto wa shule anapomwita mwenzake mjinga, ajue ni jeraha la nani analolitonesha.